Ekzosi Ikitoboka, Pesa Inavujia Wapi?

Kila lita ya petroli inayoungua kwenye injini huzaa karibu lita nzima ya maji. Maji hayo hutoka na moshi yakiwa mvuke, na ndiyo matone unayoyaona yakidondoka kwenye ekzosi asubuhi za baridi pale Kayanga. Gari linalokwenda Bukoba hupata moto wa kutosha kuyakausha. Linalozunguka kati ya Kayanga na Omurushaka halipati muda huo. Maji yanalala ndani ya sailensa na kula chuma kutokea ndani, na bomba lenyewe kwa kawaida halifiki hata milimita 2 kwa unene. Usishangae basi gari la mjini, lisilowahi kubeba mkungu mmoja wa ndizi, likatangulia kuoza.

La shamba lina adui mwingine. Kati ya ardhi na tumbo la Toyota IST kuna sentimita 15 hivi. Masika yakishachimba njia za changarawe za vijiji vya Kyerwa, tuta linalobaki katikati ya mapito ya malori hupita kimo hicho kirahisi, na kinacholipokea ni bomba.

Ukubwa wa tundu hausemi mengi kuhusu bei; uliza liko wapi. Likiwa nyuma, kwenye sailensa, unalipa kwa kelele, na kwa moshi unaoweza kupenya ndani ukiwa na kaboni monoksaidi isiyo na harufu. Likiwa mbele, kabla ya sensa ya oksijeni, linavuta hewa ya nje kila moshi unapopungua nguvu. Sensa inaona oksijeni imezidi, kompyuta inadhani mafuta ni kidogo, inaongeza. Tuseme gari linatumia lita 10 kwa siku na linaongeza asilimia 5 tu: nusu lita kwa siku, lita 15 kwa mwezi. Kwa bei ya mfano ya shilingi 3,000, ni 45,000 kila mwezi. Nasema ya mfano kwa sababu EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi, wilaya kwa wilaya, na Kyerwa, kwa umbali wake kutoka bandari ya Dar es Salaam, huwa miongoni mwa zilizo juu. Tundu lile lile linakula zaidi Nkwenda, huko Kyerwa, kuliko Kibaha, jirani na Dar es Salaam.

Kiraka cha bati la kuezekea ndicho rahisi zaidi, na mimi sikipendi. Bati la geji 30 halifiki nusu milimita, na zinki yake ikichomewa hutoa moshi mweupe unaoweza kumlaza fundi na homa usiku. Tuseme kiraka ni 15,000 na kinashika miezi 3. Kipande kipya cha bomba ni 60,000 na kinashika miaka 3. Cha kwanza kinakugharimu 5,000 kwa mwezi, cha pili hakifiki 1,700. Weka bei za fundi wako, gawanya hivyo hivyo. Ila kama chuma kinachozunguka tundu kinabonyea kwa bisibisi, kipande kipya hakina pa kushikia.

Halafu kuna masega, kile kisafisha moshi kilicho ndani ya ekzosi (catalytic converter). Yana vitundu 60 hivi kwa kila sentimita ya mraba, vilivyopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu, gramu chache tu kwa jumla. Mwaka 2021 rodiamu ilipita dola 20,000 kwa wakia, zaidi ya mara 10 ya dhahabu. Bei imeporomoka tangu hapo, lakini wanunuzi bado wapo. Kwa hiyo ukiambiwa masega yameziba, yakatwe, na kazi ni bure, jua umeuza bila kupatana bei. Yakiwa mazima na yakishapata moto, husafisha zaidi ya asilimia 90 ya kaboni monoksaidi.

Kabla ya kulipa chochote, ingia uvunguni uangalie raba zinazoning'iniza bomba. Ikikatika moja, uzito unahamia kwenye kiungo cha jirani, na kila shimo la barabara linakipinda upya. Fundi anaweza kuchomelea vizuri kabisa pale pale mara tatu. Raba isipobadilishwa, atachomelea na ya nne.