Mushahara unaokwisha mbele ya kufika

Ndugu mufanyakazi, na wewe mama wa nyumba unayesoma gazeti hili nyuma ya bwana, leo ukurasa wetu hauongei juu ya malaria wala mavumbi ya mawe. Tunaongea juu ya deni. Usishangae. Mimi ni muganga wa dispanseri, si mutu wa kuhesabu feza, lakini kwa miaka ninayotumika katika chumba cha matunzo nimeona deni likiingia pamoja na mugonjwa mara nyingi sana.

Asubuhi moja waliniletea baba mumoja wa kikundi cha kuvunja mawe. Jiwe lilikuwa limemuangukia muguu wa kuume, na vidole viwili vilikuwa vimevunjika. Nilichukua mukasi ili nikate bote, sikukuta bote. Alikuwa amevaa sapato za plastiki, zile za kuvaa nyumbani wakati wa mvua. Nikamuuliza: «Baba, bote za kazi ziko wapi?» Alinyamaza, akaangalia ukuta. Kesho yake bibi yake alipomuletea chakula ndiye aliyenijibu: «Muganga, bote ziko kwa Lambert tangu mwezi uliopita.»

Sina lazima ya kueleza sana Lambert ni nani. Bunia nzima inamujua, na Kinshasa, na Kisangani. Jina lilitoka mbali: Banque Lambert ilikuwa banki ya kweli kule Ubelgiji. Mwaka wa 1975 iliungana na Banque de Bruxelles, na mwaka wa 1998 ikanunuliwa na ING ya Uholanzi. Banki ile ilikwisha, lakini jina limebaki kwetu Kongo, na leo «banki Lambert» ni mutu yeyote anayekukopesha feza tarehe 15 ili umurudishie tarehe ya mushahara pamoja na nusu juu yake. Mara nyingi si mutu mubaya. Ni jirani, ni mama wa soko, pengine ni mufanyakazi mwenzako wa kikundi kile kile. Anakupokea vizuri, anakupa kiti, hakuulizi karatasi nyingi. Anaomba tu kitu cha kushika: karte ya banki pamoja na namba yake ya siri, kitambulisho cha kazi, simu, redio, na kama huna kingine, bote.

Tufanye hesabu pamoja. Chukua kalamu.

Tuseme mushahara wako ni 400.000 franka, na nyumba yako inakula 400.000 kila mwezi, bila kubakisha. Mwezi huu kumetokea jambo, unakopa 100.000. Siku ya mushahara unarudisha 150.000. Katika mukono wako kumebaki 250.000, na nyumba bado inaomba 400.000. Basi unakopa 150.000 inayokosekana. Mwezi wa pili unarudisha 225.000, unabakia na 175.000. Unakopa 225.000. Mwezi wa tatu unarudisha 337.500, na katika mukono wako kuna 62.500 tu. Ukikopa tena ile inayokosekana, mwezi wa nne utadaiwa 506.250. Mushahara wote hautoshi kulipa.

Angalia vizuri. Hukununua pikipiki. Hukujenga. Hukuoa bibi wa pili. Ulikopa 100.000 mara moja tu, na miezi minne imekula mushahara muzima. Wengine wanaona hatari hii, wanachagua kulipa faida peke yake kila mwezi na kuacha deni lenyewe lilale. Hiyo ni 50.000 kila mwezi, yaani 600.000 kwa mwaka, na nyuma ya mwaka ile 100.000 ya kwanza ingali pale pale, haikupungua hata franka moja.

Sasa mutasema: muganga, hii inaingia namna gani katika afya? Inaingia kwa milango mingi. Mutu mwenye deni halali vizuri. Anakuja kwangu na kichwa kinachouma, na moyo unaopiga mbio. Ninamupima tensiyo, ninakuta 160 juu ya 100 kwa mutu ambaye mwaka jana alikuwa chini ya 140 juu ya 90. Sitaki kusema kwamba deni peke yake linaleta tensiyo. Chumvi, pombe, uzito na urithi wa jamaa vinaingia pia. Lakini ninajua kwamba mutu asiyelala, anayekunywa ili asahau, na anayekatisha vidonge vyake kwa kuwa hana feza ya kununua vingine, huyo tensiyo yake haishuki. Na mutu asiyelala ndiye anayeweka mukono mahali pabaya karibu na mashini.

Mulango mwingine ni sahani ya mutoto. Feza ikikosekana, nyumba haiachi kupika, inapunguza. Samaki ya Kasenyi inatoka kwanza, halafu maharagi, halafu mafuta, mpaka kunabaki ugali na sombe isiyo na kitu. Tunapopima mukono wa mutoto wa miezi sita mpaka miaka mitano kwa ule utepe wenye rangi, chini ya milimetre 125 ni rangi ya manjano, na chini ya 115 ni nyekundu, hatari kubwa. Nimeona rangi ya manjano katika nyumba za wafanyakazi wenye mushahara wa kila mwezi. Mara ya kwanza nilikasirikia mama. Nilikosa. Mama alikuwa akipika kile alicholetewa.

Na mimi mwenyewe nisijifanye mutakatifu. Zamani, mahali nilipofanya kazi mbele ya kuja hapa, mushahara ulikawia miezi miwili, na ndani ya miezi hiyo baba yangu akafariki. Munajua kilio kinaomba nini: sanduku, mahema, chakula cha wageni, usafiri wa jamaa. Nilikopa dola 60. Kwa miezi tisa nililipa dola 30 kila mwezi, na zile 60 zilikuwa zingali zinaningojea. Mukisha kuhesabu mutaona: dola 270 zimetoka, na deni halikusogea. Nilificha jambo hili kwa bibi yangu. Siku nilipomuambia, nikifikiri atalia, alisema alijua tangu mwezi wa pili, kwa sababu nilikuwa nimeacha kulalamika juu ya chumvi katika mboga. Masomoni walitufundisha kumuuliza mugonjwa: inauma wapi, tangu lini, na ulikunywa dawa gani. Hakuna aliyetufundisha kuuliza: unadaiwa na nani? Siku hizi ninauliza.

Njia ya kutoka, ile niliyoipitia na niliyoiona kwa wengine, inaanza na karatasi moja. Kaeni wawili, bwana na bibi, mulango umefungwa, muandike kila deni: la nani, kiasi gani kilichukuliwa kweli, kiasi gani kimekwisha kulipwa, na kitu gani kimeshikwa. Musifichane. Nimeona nyumba ambayo bwana alikuwa na Lambert wake, na bibi alikuwa na wake kule sokoni, na kila mumoja alikuwa akikopa ili kuziba shimo la mwenzake bila kujua.

Jambo la pili ni gumu zaidi: kuenda kwa mwenye kukopesha kabla ya siku ya mushahara, si siku ile yenyewe, na kumuomba asimamishe faida. Usiende peke yako. Uende na delege wa sindika, au mukubwa wa avenue, au muzee ambaye ninyi wawili munamuheshimu. Muambie ukweli: «Nimekwisha kukulipa kiasi hiki. Deni lenyewe nitalilipa kwa miezi mine, sehemu kwa sehemu, lakini faida tuifunge leo.» Wengi wanakubali. Si kwa upole. Wanajua kwamba mutu aliyekimbilia Mongbwalu kutafuta zahabu halipi kitu. Muandike, mutie sahihi, shahidi naye atie sahihi, na kila mara ukilipa uandikiwe. Omba karte yako ya banki siku ile ile. Kama imekataliwa, uende banki wakufungie ile na kukupa nyingine. Karte ni yako, si rehani.

Kama una madeni mengi, uanze kukata lile lenye faida kubwa, hata kama mwenye deni lingine anapiga kelele zaidi. Duka la mutaa linalokukopesha chumvi na sabuni bila faida linaweza kungoja. Lambert hangoji, anazaa.

Uliza tena katika ofisi ya wafanyakazi habari ya avansi. Avansi juu ya mushahara inakatwa kidogo kidogo, na haina nusu juu yake. Watu wanaona haya kuomba, wanaogopa kapita atawaona kuwa watu wasiojua kutunza feza, halafu wanaenda kutoa nusu ya mushahara gizani. Haya hiyo ni ya bei kali. Ujue pia kwamba sheria ya kazi ya 2002 inalinda mushahara: haikubali ukamatwe wote kwa deni, na kwa mushahara mudogo inayoweza kukamatwa ni sehemu moja ya tano.

Na hapa nataka nisimame kidogo, kwa kuwa hii inahusu nyumba yetu ya dawa. Nilipowauliza wagonjwa deni lilianzia wapi, wengi walijibu: ugonjwa wa mutoto. Mutoto alipata homa usiku, wakamupeleka kwa muganga wa mutaa mwenye chumba kimoja na serumu tatu, akawaandikia dawa nyingi, wakakopa. Ndugu, sheria ile ile inaweka matunzo ya mufanyakazi na ya jamaa yake juu ya mwenye kumutumikisha. Bibi yako na watoto wako walioandikwa wana haki ya kuja kwetu. Kama mutoto aliyezaliwa mwaka huu bado hajaandikwa, peleka karatasi yake ya kuzaliwa wiki hii. Vilevile shule: tangu Septemba 2019 shule za musingi za serikali zimetangazwa kuwa bila malipo. Mwenye kukopa ili alipe musingi, aulize kwanza malipo hayo ni ya nini.

Lakini kutoka peke yake hakutoshi, kwa sababu kilio kingine kitakuja, na mutoto ataugua tena. Ndiyo sababu ninawapenda wamama wa AVEC. Wababa wengi wanacheka, wanasema ni likelemba ya wanawake. Si likelemba. Katika likelemba feza inazunguka na kila mumoja anangoja zamu yake, hata kama ugonjwa haungoji. AVEC ina sanduku. Mupango huu ulianza mwaka wa 1991 kati ya wanawake wa Maradi, inchi ya Niger, kwa musaada wa shirika la CARE, na leo umeenea Afrika nzima, hata hapa Ituri, mujini na vijijini.

Watu 15 mpaka 30 wanaojuana wanachaguana wenyewe. Wanakutana kila wiki, na kila mumoja ananunua sehemu, kutoka moja mpaka tano, kwa bei waliyopatana. Sanduku lina kufuli tatu. Funguo ziko kwa watu watatu, na sanduku linalala kwa mutu wa nne, ili mutu asiweze kulifungua usiku akiwa peke yake na majaribu yake. Feza inahesabiwa mbele ya wote. Mwenye haja anakopa, lakini si zaidi ya mara tatu ya akiba yake. Faida wanaiweka wenyewe. Vikundi vingi vinaweka 5 au 10 kwa mia kwa mwezi. Kwa 100.000 utarudisha 105.000 au 110.000, pahali pa 150.000, na faida ile haiendi mbali: nyuma ya miezi tisa au kumi na miwili sanduku linavunjwa, na kila mumoja anagawiwa kufuatana na sehemu zake. Pembeni kuna kikapu kidogo cha kusaidiana kwa kilio na ugonjwa, ambacho hakina faida. Kama ningalikuwa na kikapu kile siku baba yangu alipofariki, dola 270 zingalinunua mabati.

Onyo moja tu: usiingie AVEC ukiwa bado na Lambert ili ukope huku ulipe kule. Utawaletea wenzako shimo lako. Funga faida kwanza, ndipo uanze na sehemu moja ndogo.

Neno la mwisho ni la usalama, na kapita wote walisikie. Bote, kaske, mifuko ya mikono na taa haviwekwi rehani. Mufanyakazi asiye na bote asubuhi aulizwe kwa upole, pembeni, si mbele ya kikundi. Kama yule baba angaliulizwa saa moja ya asubuhi, nisingalimufunga vidole saa ine.

Vidole vyake viliunga nyuma ya wiki sita. Anatembea vizuri, ingawa siku ya baridi vinamuuma. Bote zilirudi kwa shahidi wawili na karatasi moja. Deni lilikatwa kwa miezi mitano, na amebakiza mwezi mumoja. Bibi yake anashika mumoja wa funguo tatu katika AVEC ya mutaa wao, na bwana hajui anauficha wapi.

Kila siku ya tatu, saa tisa ya muchana, wagonjwa wakiisha kupungua, chumba kidogo nyuma ya dispanseri kinakuwa wazi kwa wale wanaotaka kufanya hesabu pamoja nami. Njooni wawili, mulete kalamu. Hatuandiki kitu katika fishi ya ugonjwa. Karatasi ya madeni munarudi nayo nyumbani.