Ujira wa Jioni na Fedha ya Msimu

Aghalabu wazee wetu, wanapowaona vijana wakijazana katika mabasi yaendayo Dar es Salaam, hudhani kwamba kiwavutacho ni anasa na uvivu wa kushika jembe. Nami, ijapokuwa sikatai kwamba anasa ipo, naona sababu kubwa imo katika majira ya fedha. Mkulima wa korosho wa Mtwara, au wa pamba wa Shinyanga, hupokea fedha yake baada ya mavuno tu, tena kwa bei asiyoipanga yeye, ilhali maradhi, ada na misiba havingoji msimu. Na mchukuzi wa Kariakoo, hata awe fakiri wa kutupwa, hulala na ujira wake siku ile ile aliyoutolea jasho.

Kuvutwa huku na mji si jambo geni. Waingereza, walipotutawala, walimhitaji mtu wa bara kwa kazi za bandarini, bali hawakumtaka akae: walimpa mshahara wa mseja, kwa hoja kwamba ahali yake yalishwa na shamba, na asiye na kazi wakamhesabu mhuni wa kurudishwa kwao. La kustaajabisha ni kwamba serikali yetu wenyewe ilishika njia hiyo hiyo, hata mwaka 1983, katika kampeni ya Nguvu Kazi, watu wakakamatwa mitaani na kupelekwa mashambani. Wengi hawakukawia kurejea. Mkoa wa Dar es Salaam, uliokuwa na watu wapatao 843,000 mwaka 1978, ulihesabiwa watu 5,383,728 mwaka 2022, ingawa wengi wa hawa, bila shaka, ni wazaliwa wa hapo hapo.

Mgeni hufikia kwa mjomba au kwa mtu wa kwao, Manzese, Tandika au Mbagala, katika nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi katikati, ambamo kila chumba ni kaya, na choo na uwani ni vya wote. Hapo hula asichokichangia, mpaka apate kibarua, au mtaji wa kutembeza mitumba. Na akitaka chumba chake mwenyewe ndipo aonapo mtihani, kwani mwenye nyumba humdai kodi ya miezi sita, pengine ya mwaka mzima, kabla ya kumkabidhi ufunguo. Mji umlipao kwa siku humdai kwa mwaka!

Hata kuufikia mji huo kulikuwa mtihani: watu wa Lindi na Mtwara walikuwa na taabu zaidi ya safari, maana hadi daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 walivuka mto Rufiji kwa pantoni, na masika njia ilikuwa tope tupu.

Wala aliyehama hakulitupa shamba. Msimu wa palizi ukifika, nduguye wa kijijini humpigia simu, naye hutuma kwa simu hiyo hiyo fedha ya kuwalipa vibarua, ili mikorosho ya baba yake isimezwe na magugu.