Virusi Vilivyolala Masjala

Liko swali linaloulizwa kila siku katika kliniki za Ukimwi, na mara nyingi hujibiwa kwa mkato. Mgonjwa amemeza dawa za kufubaza virusi mwaka mzima, amepimwa damu, akaambiwa virusi havionekani. Anauliza: kama havionekani, dawa ni za nini tena? Muuguzi, mwenye foleni ndefu nje ya mlango, anamjibu, "Wewe endelea tu kumeza." Jibu hilo ni sahihi. Lakini mtu mzima anayetakiwa kumeza kidonge kila siku ya maisha yake anastahili kuelezwa sababu. Na sababu yenyewe imejificha ndani kabisa ya chembe hai, katika vimeng'enya ambavyo wataalamu huviita kwa kifupi CDK, yaani kinasi zinazotegemea saiklini.

Jina lisikutishe. Kinasi ni kimeng'enya chenye kazi moja, kubandika fosfeti juu ya protini nyingine, mfano wa mtu anayegonga muhuri. Kinasi za aina hii hazigongi lolote mpaka ziungane na mwenzake aitwaye saiklini. Saiklini iligunduliwa na Mwingereza Tim Hunt mwaka 1982, katika mayai ya yule mnyama wa baharini mwenye miiba ambaye wavuvi wetu wakimkanyaga hujuta. Hunt aliona protini inayojaa halafu ikatoweka kila mara yai lilipogawanyika. Mwaka 2001 yeye, Paul Nurse na Mmarekani Leland Hartwell walipewa Tuzo ya Nobel kwa kufichua mambo yanayoongoza kugawanyika kwa chembe. Kutokana na elimu hiyo zimepatikana dawa za saratani ya matiti zinazozuia CDK ya 4 na ya 6. Ya kwanza, palbociclib, iliruhusiwa Marekani mwaka 2015.

Lakini iko CDK nyingine, ya 9, ambayo haishughuliki na kugawanyika. Yenyewe inafanya kazi masjala.

Chukua kiini cha chembe kuwa ni masjala ya ofisi kubwa. Mafaili yote, yaani jeni zetu, yamo humo na hayaruhusiwi kutoka. Karakana ikitaka kutengeneza protini, karani hunakili ukurasa unaohitajika, na nakala ndiyo inayotoka. Karani huyo anaitwa polimerasi. Sasa angalia ajabu yake: katika jeni nyingi, karani akishanakili herufi kati ya 20 na 60 husimama, kalamu mkononi, akisubiri idhini. Idhini huletwa na CDK9 ikiwa imeshikana na saiklini T1. Inamgonga muhuri karani, inawagonga na wale wanaomzuia, naye anaendelea mpaka mwisho wa ukurasa. Muhuri wenyewe hauachwi ovyo mezani. Sehemu kubwa ya CDK9 hufungiwa kabatini, hutolewa kwa kiasi inapohitajika.

Virusi vya Ukimwi vinaingiaje hapo? Vikishaingia katika chembe nyeupe ya damu, hupachika karatasi yao katikati ya mafaili yetu. Karani hana habari, anaanza kuinakili kama karatasi halali, na kama kawaida anasimama baada ya herufi chache. Kama mambo yangeishia hapo, Ukimwi usingekuwa tishio kubwa hivi. Ila mara mojamoja nakala moja hupenya, na kutokana nayo hutengenezwa protini ndogo iitwayo Tat. Tat huenda moja kwa moja kwa mwenye muhuri, humshika mkono kwa kupitia saiklini T1, na kumleta mpaka kwenye karatasi ya virusi. Nakala zinamiminika, na kila zinavyoongezeka ndivyo Tat inavyoongezeka. Saiklini T1 yenyewe ilitambuliwa mwaka 1998 na watafiti wa taasisi ya Salk, huko California. Baadaye ikaonekana kwamba saiklini T1 ya panya, kwa sababu ya kiungo kimoja tu kilicho tofauti, haishikiki vizuri na Tat. Hiyo ni sababu mojawapo ya virusi hivi kutostawi katika panya.

Sasa turudi kwa mgonjwa wetu. Baadhi ya chembe nyeupe zilizoambukizwa huingia katika mapumziko. Chembe iliyopumzika ina saiklini T1 kidogo, na CDK9 yake imetulia. Hakuna muhuri, hakuna nakala, hakuna Tat. Virusi vimelala. Kinga ya mwili haivioni, kipimo hakivioni, na dawa zetu, ambazo huzuia virusi kuingia katika chembe mpya au kukamilika, hazina uwezo wa kuchomoa karatasi ambayo tayari imo katika faili. Kazi yao ni kubwa hata hivyo: ambaye virusi vyake havionekani, na akaendelea na dawa, haambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Akiacha, siku chembe ile itakapoamka muhuri utatoka kabatini, na kwa wengi virusi hurudi ndani ya wiki chache.

Mwaka 2013 dunia iliambiwa kuhusu mtoto wa Mississippi, Marekani, aliyeanza dawa saa 30 tu baada ya kuzaliwa na kuonekana amepona. Alikaa miaka zaidi ya miwili bila dawa. Mwezi Julai 2014 virusi vikarudi. Na hapa kwetu, mwaka 2011, maelfu walipokwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe, wapo walioziacha dawa zao wakiamini wamepona.

Utauliza, kwa nini CDK9 isizimwe kabisa? Kwa sababu muhuri ni wetu. Ukiuzima, unasimamisha na mafaili ya moyo, ya ini na ya damu. Ndiyo maana baadhi ya watafiti wanataka kuizuia Tat peke yake, karatasi ya virusi ilale daima. Wengine wanataka kinyume chake, virusi viamshwe vyote, kinga ivione na kuviua. Majaribio ya kuviamsha kwa watu yamefanyika, virusi vikaamka kweli, lakini hazina iliyojificha haikupungua kwa kiasi cha kutosha. Kati ya njia hizo mbili, hakuna iliyokwisha kufika kwenye dirisha la dawa la kliniki.