Kuuza Mtandaoni: Nyumba Yako, Kiwanja cha Mwingine

Nani katika pwani hii asiyeijua leso ya "Mali ya Abdulla"? Chapa hiyo ni ya duka la Kaderdina Hajee Essak lililoko Biashara Street, mjini Mombasa, na asili yake ni mwaka 1887. Mwanamke wa kisiwani au wa bara ambaye hajapata kuitia Mombasa machoni, akiyaona maneno hayo kwenye leso, hujua nguo imetoka wapi na imetoka kwa nani. Hahitaji kuulizia zaidi.

Tena leso haiuzwi kwa rangi na pambo peke yake. Leso ina jina, yaani yale maneno yaliyopigwa juu yake, na mara nyingi jina ndilo linalomfanya mtu afungue mkoba. Mnunuzi akiisha kuivaa, huipeleka harusini, sokoni na kwa majirani, nako huulizwa, "Hiyo umeipata wapi?" Basi tangazo la mwenye duka lilikuwa likitembea mwilini mwa mteja wake, na mwenye duka hakutoa hata senti moja kwa matembezi hayo.

Nimeanza na leso, msomaji mpenzi, kwa sababu siku hizi wako wengi wanaodhani kwamba kuuza vitu kwa mitandao ya kijamii ni elimu mpya kabisa, ambayo mtu hawezi kuipata ila asomeshwe na vijana wa Nairobi kwa malipo. Chombo ni kipya, hilo halina ubishi. Lakini biashara yenyewe ni ile ile: mtu kumwambia mwenziwe kuwa kwa fulani kuna kitu kizuri, na mwenziwe akasadiki.

Mambo mawili ndiyo yaliyotufungulia mlango huu. La kwanza ni M-Pesa, iliyoanza mwezi Machi mwaka 2007, ambayo ilimwezesha mtu aliyeko Kakamega kumlipa mtu aliyeko Malindi pasipo kuonana. La pili ni nyaya za chini ya bahari zilizofika Mombasa mwaka 2009, zikaleta intaneti ya kasi katika pwani ile ile ambayo zamani ilipokea majahazi. Kabla ya hapo intaneti yetu ilipitia kwa setilaiti, nayo ilikuwa ghali na ya kujikokota. Leo simu ya mkononi imekuwa duka, kaunta na kasha la fedha kwa pamoja.

Na ni nani wanaolifungua duka hilo? Ni mama wa Mji wa Kale anayepika mahamri na mbaazi, na mwezi wa Ramadhani akaongeza kaimati na viazi vya karai. Ni binti wa Kisauni anayepaka maharusi hina na piko. Ni kijana anayeuza udi, achari na halua, na kila jioni hukimbilia kituo cha mabasi kupeleka vifurushi vya Nairobi. Watu hawa hawana uwezo wa kulipa kodi ya duka mjini. Mtandao kwao si mchezo wa kupitisha wakati, bali ndio unaolipa karo na unaoteka maji. Kwa hiyo inafaa mambo haya yazungumzwe kwa uzito wake.

Kwanza ni kujua kila mtandao una tabia gani. Facebook, iliyoanza mwaka 2004, ni kama soko la wazi: watu wa kila namna hupita, wenye kununua na wenye kutazama tu, na humo mna makundi ya watu wa mtaa mmoja au wa shughuli moja. Instagram, ya mwaka 2010, ni dirisha la duka. Kinachouza pale ni picha. TikTok ni ngoma ya uwanjani, ambapo video fupi ya mtu akikanda unga yaweza kutazamwa na maelfu wasiomjua. WhatsApp, ya mwaka 2009, ni baraza la nyumbani. Hapo ndipo wanapokaa jamaa na marafiki, na hapo ndipo, kwa sehemu kubwa, bei hukatwa na mali hutoka. Mfanyabiashara mdogo hana haja ya kukaa kote. Na achague pawili: pamoja pa kuonekana na wageni, na pamoja pa kuzungumza na wateja.

Na kwa kuwa tumetaja baraza, adabu yake haijabadilika. Mtu hafiki barazani akaanza kupiga kelele, "Nunueni! Nunueni!" kabla ya kutoa salamu. Anayeweka matangazo kumi kwa siku na hana neno jingine, watu humnyamazisha kwa kidole kimoja. Bali yule anayeeleza jinsi ya kumtambua udi wa kweli, au kwa nini mahamri yake huumuka vizuri, au hina ikae mkononi muda gani kabla ya kubanduliwa, huyo watu humfuata, na wakihitaji kununua humkumbuka yeye kwanza. Mpe mtu faida kabla ya kumwomba fedha.

Picha nayo ni nusu ya mazungumzo. Haihitaji kamera ya studio. Weka kitu karibu na dirisha asubuhi, juu ya kitambaa kisafi cha rangi moja, ukipige picha kwa mwanga wa jua usio mkali. Lakini iwe ni picha ya kitu chako mwenyewe. Wako wanaochota picha za keki za Ulaya wakaziweka kwenye kurasa zao, na mteja akiletewa ya kwao, macho humtoka. Mteja huyo harudi tena, naye huwaeleza wenzake kumi.

Halafu kuna ugonjwa wa kuficha bei. Mtu huweka picha nzuri, akiulizwa bei hujibu, "Njoo faraghani." Jambo hili huwaudhi watu wengi, nao hushuku kwamba bei hupimwa kwa sura ya mwulizaji. Itaje bei, taja na gharama ya kupeleka: kwa tuktuk mpaka Nyali ni kiasi gani, kuvuka Likoni ni kiasi gani, kwa basi la Nairobi ni kiasi gani. Atakayeona ghali atapita zake bila kukupotezea muda, na atakayebaki ndiye mteja.

Katika WhatsApp kuna kanuni moja ambayo wengi hawaijui, nayo huwakosesha wateja. Ukitengeneza orodha ya kuwatumia watu ujumbe mmoja kwa wakati mmoja, orodha moja haipokei zaidi ya watu 256, na ujumbe huo humfikia tu yule aliyeihifadhi namba yako katika simu yake. Asiyekuhifadhi hapati kitu, hata kama alinunua kwako jana. Kwa hiyo mteja akinunua mara ya kwanza, mwombe kwa upole aihifadhi namba yako. Kadhalika picha za "hali" huondoka baada ya saa 24, basi usitarajie kuwa ya Jumatatu itamwita mtu Alhamisi. Na tangu mwaka 2018 iko WhatsApp ya wafanyabiashara, ambayo haina malipo kuipata, yenye mahali pa kupanga bidhaa na bei zake na pa kuandika salamu ya kumjibu mteja ukiwa jikoni.

Je, tangazo la kulipia lina faida? Lina faida kwa mwenye kupiga hesabu. Mtandao hukuruhusu kuchagua tangazo lionwe na watu wa mji gani na wa umri gani, nalo ni jambo ambalo gazeti na redio haviwezi kulifanya kwa wepesi huo. Tuseme kwa mfano mama ametoa shilingi 500, watu 40 wakamwandikia, na watano wakanunua, kila mmoja akimwachia faida ya shilingi 150. Amepata 750, akitoa zile 500, zimebaki 250. Kama kati ya hao watano wawili watarudi mwezi ujao, tangazo limelipa. Kama hakuandika popote ni nani aliyenunua, hatajua kamwe kama alipata au alikula hasara, na atabaki kusema tu kwamba "mtandao unalipa" au "mtandao haulipi".

Sasa tuje kwenye uaminifu, ambao ndio mtaji wenyewe. Mnunuzi hakuoni uso, hashiki kitu, hanusi. Anachonunua mwanzo ni neno lako. Matapeli wamewafunza watu kuogopa: mtu hutuma fedha, na muuzaji hufunga ukurasa. Kwa hiyo mgeni akiomba alipe mzigo ukimfikia, usichukie. Kama ni mtu wa mjini, mkubalie. Waombe walioridhika waandike neno chini ya picha, kwa kuwa sifa anayoitoa mnunuzi ina nguvu kuliko sifa kumi za muuzaji. Na kosa likitokea, rudisha fedha hadharani kama ulivyozipokea.

Kwa upande wa pili, muuzaji naye huibiwa. Wapo wanaotuma ujumbe wa uongo uliofanana na wa malipo, au picha yake, wakidai kwamba wamekwisha kulipa. Usiitazame picha ya mtu. Tazama salio lako mwenyewe. Na ukiweza, tenga fedha za biashara na za nyumba, kwa namba ya malipo ya duka au kwa Pochi la Biashara, ili faida ya mahamri isiliwe na deni la unga bila wewe kujua.

Lakini hatari kubwa kuliko zote ni nyingine, na mtu wa Mombasa anapaswa kuitambua upesi kuliko mtu yeyote. Katika mji huu wetu tunao utaratibu wa nyumba bila ardhi. Mtu hujenga nyumba yake kwa jasho lake, akaezeka, akaoza watoto wake humo, hali kiwanja ni cha mwingine ambaye hulipwa kodi ya ardhi. Nyumba ni yako, lakini mwenye ardhi akitaka kupandisha kodi atapandisha, na akitaka kuuza atauza. Wako waliolia kwa ajili hiyo, Majengo na kwingineko.

Ukurasa wako wa mtandaoni ni nyumba bila ardhi. Wafuasi elfu tano uliowakusanya kwa miaka minne wamekaa katika kiwanja cha kampuni iliyoko Marekani. Facebook iliinunua Instagram mwaka 2012 na WhatsApp mwaka 2014, na mwaka 2021 kampuni hiyo ikajiita Meta; kwa hiyo soko, dirisha na baraza vyote vina mwenye ardhi mmoja. Tarehe 4 Oktoba mwaka 2021 vyote vitatu vilizimika pamoja, dunia nzima, kwa muda wa saa sita hivi. Aliyekuwa na oda za jioni hakuwa na njia ya kumfikia mteja hata mmoja, ila kama namba yake alikuwa ameiandika mahali pengine. Saa sita si nyingi. Lakini kuna wanaofungiwa ukurasa moja kwa moja kwa madai ya kuvunja kanuni, na kuna wanaoporwa na wezi. Mwizi hupiga simu kwa sauti tamu, akaomba ile namba ya tarakimu sita iliyoingia kwenye simu yako; ukiisha kumpa, WhatsApp yako ni yake, na wateja wako ataanza kuwakopa yeye. Namba hiyo hapewi mtu, awe ndugu, awe anayejidai ni wa kampuni. Na uweke ule ufunguo wa pili, nambari ya siri unayoijua wewe peke yako.

Dawa yake ni daftari. Ndiyo, daftari la karatasi, kama lile la mwenye duka wa zamani aliyewajua wadeni wake. Andika jina la mteja, namba ya simu, alichonunua, tarehe na mtaa. Hicho ndicho kiwanja chako mwenyewe. Mtandao ukizimika, utapiga simu. Ukifungiwa ukurasa huu, utawaita wateja wako kwenye mwingine.

Ila daftari hilo ni amana. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka habari za mtu zitumike kwa idhini yake, na picha yake pia ni katika habari hizo. Mwaka 2023 ukumbi mmoja wa starehe wa Nairobi ulitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake. Basi wewe mpaka hina, uliyempamba bibi harusi akapendeza, usiutangaze uso wake ili upate wateja. Mwombe, akiridhia mikono tu, onyesha mikono tu. Heshima ya mteja iliyovunjwa hairudishwi kwa kuifuta picha.

Nawaachia wenye biashara ndogo ubeti huu mmoja:

Uzapo mtandaoni, shika neno nakwambia,
Picha iwe ya yakini, na bei kuwatajia,
Wateja daftarini, majina kuyatilia,
Nyumba ni yako jamani, kiwanja wakilipia.