Kufunga, Kuzuia na Kusimba: Istilahi za Kulinda Vitabu vya Kielektroniki

Neno "nywila" limekwisha kuzoeleka katika ofisi na shule zetu. Wapo pia wasemao "nenosiri", na wengine "neno la siri", kwa kufuata mfano wa "namba ya siri" ambayo kila mwenye kutuma fedha kwa simu anaijua. Katika makala haya hatukusudii kuamua baina ya maneno hayo. Kusudi letu ni kuonyesha kwamba tatizo kubwa zaidi limo katika vitenzi vinavyoandamana nayo, kwa maana agizo la "weka nywila" peke yake halimwambii mtumiaji ni kitu gani kitakacholindwa.

Tuchukue mfano ulio karibu nasi. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, Serikali iliwagawia walimu vishikwambi vilivyotumika katika kazi hiyo. Mwalimu mmoja wa Miyuji, hapa Dodoma, alitueleza yaliyompata. Aliandaa kijitabu cha maswali ya mtihani wa majaribio pamoja na majibu yake, akakihifadhi katika faili la PDF miongoni mwa vitabu vyake vya kufundishia. Maelezo ya programu, yaliyofasiriwa kwa Kiswahili, yalimwambia aweke nywila, naye akaiweka. Alipowapelekea walimu wenzake faili hilo, lilifunguka bila kuuliza lolote, likasambaa hata kuwafikia wanafunzi. Ilibidi mtihani utungwe upya. Mwalimu huyo hakuwa mzembe. Aliweka nywila kweli, lakini ilikuwa nywila ya kazi nyingine, na mfasiri hakumpa neno la kuzitofautisha.

Yafaa basi ieleweke kwamba kuna matendo matatu yaliyo mbalimbali.

La kwanza ni kufunga kifaa. Visomeo kama Kindle na Kobo kwa kawaida huwekewa nywila ya kifaa kizima, wala si ya kitabu kimoja kimoja. Hali hii yafanana na kufunga mlango wa nyumba: aliye nje haingii, lakini akishafunguliwa huona vyote vilivyomo. Tena ulinzi huo haukifuati kitabu. Nakala iliyomo katika kompyuta, au iliyotumwa kwa mtu mwingine, haimo ndani ya mlango huo.

La pili ni kuzuia matumizi. Faili la PDF laweza kuwekewa nywila ya mwenye faili, ambayo hukataza kuchapa, kunakili au kubadilisha maandishi. Kusoma hakukatazwi. Makatazo hayo huitegemea programu ya kusomea, na si kila programu huyatii. Hii ndiyo nywila aliyoiweka mwalimu wetu.

La tatu ni kusimba. Hapa maandishi yenyewe hugeuzwa yasisomeke mpaka mtu atoe nywila ya kufungulia. Watu wa pwani wanayo mithali nzuri ya jambo hili katika mchezo wa kinyume, uliokwisha kuandikwa habari zake Unguja tangu karne ya 19: silabi ya mwisho huletwa mwanzo, na "kitabu" kikawa "bukita". Asiyeijua kanuni husikia sauti tu. Tofauti ni kwamba kanuni ya kinyume hutambulika upesi, ilhali faili la PDF husimbwa kwa kanuni iitwayo AES, yenye ufunguo wa biti 128 au 256. Kanuni hiyo yajulikana na wote. Siri imo katika ufunguo. Kwa hiyo nywila iliyo nyepesi, kama mwaka wa kuzaliwa, huudhoofisha ulinzi wote.

Huenda msomaji akauliza kwa nini tusitumie "kufumba", hali lugha inayo mafumbo tele. Jibu letu ni kwamba "fumba" lina mizigo mingi: twafumba macho, twafumba mdomo, twamfumbia mtu maneno. "Simba" limekwisha kupata jamaa zake katika taaluma, yaani "msimbo" na "usimbaji", na lapokea kinyume chake kwa urahisi: simba, simbua, kama vile funga, fungua.

Kwa muhtasari, tunapendekeza istilahi zifuatazo:

Kisomeo: kifaa kilichoundwa mahsusi kwa kusomea vitabu vya kielektroniki. Ni tofauti na kishikwambi, ambacho kina kazi nyingi.

Nywila ya kifaa: ile inayofungua kifaa kizima.

Nywila ya makatazo: ile inayozuia kuchapa, kunakili au kubadilisha, bila kuzuia kusoma.

Nywila ya kufungulia: ile ambayo bila hiyo kitabu kilichosimbwa hakisomeki.

Kusimba na kusimbua: kugeuza maandishi yasisomeke, na kuyarudisha yasomeke.

Kuhusu sarufi, "nywila" halibadiliki katika wingi: nywila hii, nywila hizi. Wapendao "nenosiri" waandike "manenosiri" katika wingi.

Twawakumbusha pia wafasiri wa maelezo ya vifaa wasiiache nyuma tahadhari ya kusahau. Anayesahau nywila ya kifaa kwa kawaida hulazimika kukirudisha katika hali ya kiwandani, na vilivyomo hufutika. Vitabu vilivyonunuliwa huweza kupakuliwa tena. Kijitabu alichokiandika mwenyewe, kama hakina nakala kwingine, kimepotea. Na anayesahau nywila ya kufungulia iliyo madhubuti asitumaini fundi.

Tangu tarehe 1 Mei 2023, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imekuwa ikitumika nchini. Mtumishi anayehifadhi majina na habari za watu katika kifaa cha ofisi ana wajibu wa kujua kama amezisimba au amefunga mlango tu. Hataweza kujua hayo ikiwa lugha anayoandikiwa inatumia neno moja kwa mambo matatu.

Tunawaomba walimu, wafasiri na watumishi wazijaribu istilahi hizi kazini, na watuletee maoni yao.