Bugobogobo: ngoma inayolima

Ukienda Bujora, pale Kisesa nje kidogo ya jiji la Mwanza, kwenye sherehe za Bulabo mwezi Juni, utaona wachezaji wakirusha majembe juu na kuyadaka bila kupotea mdundo. Hiyo ndiyo bugobogobo. Wengi wetu tunaiona kama burudani tu. Kwa asili, hii ngoma ni zana ya kazi: Wasukuma walilima kwa vikundi, ngoma ikipigwa hapohapo shambani na majembe yakishuka kwa pamoja.

Mwilini kunatokea nini?

Jaribu kugonga meza ukifuata mdundo wowote. Majaribio ya maabara yanaonyesha kuwa kwa kawaida watu hugonga chembe ya sekunde kabla ya mdundo, si baada yake. Yaani ubongo hausubiri sauti, unaitabiri. Ndiyo maana mstari mzima wa wakulima unaweza kwenda sawa bila mtu kuhesabu.

Halafu kuna maumivu. Utafiti wa wapiga makasia wa Chuo Kikuu cha Oxford, uliochapishwa 2010, uligundua kuwa baada ya mazoezi ya pamoja walivumilia maumivu zaidi kuliko baada ya mazoezi ya peke yao, ingawa nguvu waliyotumia ilikuwa ileile. Kasia si jembe, sawa, lakini mgongo ni uleule.

Na mababu wanaingiaje?

Wachezaji wa Kisukuma wana pande mbili kubwa, Bagika na Bagalu. Simulizi zinazitaja kutoka kwa waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, waliobishana nani ana dawa kali zaidi. Mpaka leo pande hizo hucheza kwa wakati mmoja, na anayevuta umati ndiye mshindi. Kwa hiyo mchezaji haingii uwanjani kwa jina lake tu. Anabeba dawa na sifa za waliomtangulia.

Tunachoweza kupoteza

Jukwaani jembe linakata hewa. Shambani linakutana na udongo: ukiwa mkavu mikono inachelewa, na mpiga ngoma lazima aone na kupunguza kasi. Maarifa hayo hayaonekani kwenye video ya jukwaani. Sasa plau na trekta zimechukua sehemu kubwa ya kazi ile, na waliolima kwa ngoma wanazeeka. Kama una babu au bibi aliyewahi kulima hivyo, mrekodi akiwa shambani, jembe likiwa mkononi.