Amortiseri mpya, kelele ile ile: sikiliza gari kabla ya kununua tena

Ni malalamiko ya kila siku kwenye garaji za Goma, Bukavu, Butembo na Bunia. Mwenye gari ametoa dola zake, amenunua amortiseri mpya, fundi amezitia, na kesho yake gari inagonga kama zamani, ao kupita zamani. Wengi wanakata neno palepale: piyesi ni mbaya. Wanarudi dukani, wananunua zingine, na kelele inabaki.

Lakini mara nyingi piyesi mpya haina kosa. Imefungwa vibaya, ao ugumu wake umefichua jirani yake aliyekuwa amechoka tangu zamani. Hapo kununua tena ni kutupa pesa. Na kuna jambo baya kupita pesa: shofere anayezoea kelele zote mwishoni hatofautishi tena ile ya kusumbua masikio na ile ya kutoa gurudumu barabarani.

Kwa nini magari yetu yanagonga sana

Gari nyingi zinazotembea mashariki mwa Kongo zilitumika kwanza Japani, kisha zikaja kwa meli mpaka Mombasa ao Dar es Salaam. Kule zilitembea kwenye lami. Huku zinakuta mawe. Goma imejengwa juu ya lava ya Nyiragongo. Ile ya mwaka wa 2002 ilipita katikati ya mji, na ya 2021 ilifika pembeni yake. Mawe yake yana makali, na vumbi lake jeusi linasaga mpira na chuma kama msasa. Anayepanda Kabasha kuelekea Kanyabayonga, ao anayeshuka Ngomo akienda Uvira, anajua namna susipansio inavyoteswa. Juu ya hayo tunaongeza magunia na abiria.

Kwenye soko kuna piyesi za namna tatu. Kuna orijini, za kiwanda kilichotengeneza gari. Kuna okazio, zilizotolewa kwenye gari ingine. Na kuna adaptabule, zilizotengenezwa na viwanda vingine. Adaptabule si tusi. KYB ya Japani inauzia pia viwanda vya magari, na Old Man Emu ya kampuni ya ARB ya Australia imetengenezwa makusudi kwa ajili ya njia mbaya. Taabu ni piyesi za kuiga zinazouzwa ndani ya karatoni zinazofanana na za kweli, na pia kuchagua piyesi isiyolingana na kazi ya gari. Resori iliyopangiwa gari inayobeba mizigo kila siku itairusha gari tupu kama mbuzi, na kila kitu kilicholegea kitalia.

Kelele inakuja wakati gani?

Kabla ya kufungua buloni hata moja, mwenye gari ajibu swali hili: kelele inakuja wakati gani? Jibu linaonyesha fasi ya kutafuta.

Inagonga gurudumu moja likiingia kwenye shimo, lakini inanyamaza magurudumu mawili yakipanda dodani pamoja: angalia bare ya stabilizateri na bieleti zake, vile vijiti vidogo vinavyoifunga kwenye susipansio. Magurudumu yakipanda pamoja, bare hiyo haikunjwi, kwa hiyo haifanyi kazi kubwa. Gari ikiinuliwa, bieleti zinakaa kwa pembe isiyo yake na zinakufa haraka.

Inalia ukizungusha usukani gari ikiwa imesimama, kama waya wa chuma unaoachiliwa ghafula: angalia rulema iliyo juu ya amortiseri ya mbele, na uone kama mwisho wa resori umekaa vizuri kwenye kikalio chake. Resori iliyowekwa vibaya, ao iliyotiwa bila mpira wake, inaruka kila usukani unapozunguka.

Inagonga gurudumu likianguka kwenye shimo, si likipanda: mara nyingi amortiseri imefika mwisho wa urefu wake. Hiyo ndiyo kelele ya magari yaliyoinuliwa kwa bei ndogo, kwa kuweka vipande vya chuma juu ya amortiseri ao, kwenye Hiace, kwa kukaza bare za torsio bila kubadilisha amortiseri. Gari inaonekana ndefu, lakini amortiseri haina tena nafasi ya kushuka.

Inapiga kak-kak ukikata kona: hiyo si amortiseri. Ni kardani. Gari ikiinuliwa, kardani inafanya kazi kwa pembe kali zaidi. Sufle yake ikipasuka, grisi inatoka, vumbi linaingia, na haikawii kuisha.

Inagonga mara moja ukishika freni, na mara moja ukiondoka: tafuta silambloki za triangele, ile mikono inayoshika gurudumu, ao buloni iliyolegea.

Inatetemeka kwenye mawe madogo lakini inanyamaza ukigusa freni kidogo: ni plaketi za freni ao etriye yake. Jaribio hili halilipishwi hata franga moja, na limeokoa amortiseri nyingi zilizokuwa zitolewe bure.

Tafuta kwa utaratibu

Sauti inadanganya, kwa sababu chuma cha gari kinaisafirisha kutoka upande mmoja hadi mwingine. Huku kuna sababu ingine tena. Sisi tunatembea upande wa kuume wa barabara, lakini gari nyingi za Japani zina usukani kuume. Shofere amekaa upande wa mtaro, penye mashimo mengi, na anasikia zaidi gurudumu lililo karibu naye. Basi mtu mwingine aendeshe polepole, na mwenye gari akae nyuma, kisha upande wa kushoto, asikilize tena.

Anza na vitu vya bure. Toa kriki, gurudumu la akiba na vyombo vyote, kisha utembee tena fasi ileile. Angalia bomba la moshi na sahani ya chuma chini ya injini. Kelele nyingi zinazoitwa za susipansio zinaishia hapo.

Kisha gari iinuliwe. Isikae juu ya kriki peke yake: kriki inaweza kuteleza, na mtu akiwa chini hana pa kukimbilia. Magurudumu yanayobaki chini yazibwe kwa mawe, na gari ikalishwe juu ya miguu ya chuma ao magogo mapana yasiyocheza. Shika gurudumu juu na chini, ulisukume na kulivuta. Likicheza, mwenzako akanyage freni. Mchezo ukipotea, ni rulema ya gurudumu. Ukibaki, tazama rotuli, ile mpira ya chuma inayounganisha gurudumu na triangele. Ukishika kushoto na kuume na likacheza, tazama rotuli za usukani ao kremayeri.

Rotuli inaweza kuficha ugonjwa wake ikiwa imebanwa na nguvu ya resori. Kwenye gari ambayo resori yake inakalia triangele ya chini, kama Prado, weka kriki chini ya triangele hiyo, karibu na gurudumu, ndipo uinue mpira wa gari kwa baramina. Kwenye gari ambayo resori imezunguka amortiseri na kuishia kwenye bodi, kama RAV4, kriki iwekwe chini ya bodi, gurudumu lining'inie.

Kwa kelele ya usukani, fundi aweke kiganja kwa wepesi juu ya resori wakati mwenzake anazungusha usukani. Kinachoruka kitasikika mkononi. Lakini asiingize vidole katikati ya mizunguko ya resori.

Kwa kelele ya kukwaruza kama kitanda cha zamani, chukua chupa ya maji. Mwagia silambloki moja, tikisa gari, sikiliza. Halafu ingine. Ile inayonyamaza ikilowa ndiyo inayolia. Ndiyo maana gari zingine zinatulia siku ya mvua na kuanza tena jua likiwaka.

Kosa la kukaza gurudumu likining'inia

Kati ya makosa yote ya ufungaji, hili linaharibu piyesi nyingi nzuri. Silambloki ya mpira haizunguki kwenye buloni yake. Inajisokota na kurudi. Fundi akikaza buloni wakati gari iko juu na gurudumu linaning'inia, mpira unashikwa katika hali hiyo. Gari ikishushwa, mpira unabaki umesokotwa mchana na usiku, hata gari ikiwa imelala kwenye parseli. Kwa muda mfupi unapasuka, na kelele inaanza. Mwenye gari atasema ameuziwa adaptabule mbovu.

Njia sahihi ni rahisi. Tia buloni zote, zikaze kwa mkono tu, shusha gari ikae kwenye magurudumu yake, itikise mara kadhaa, ndipo ukaze kabisa. Gari iliyoinuliwa inahitaji pia silambloki za zamani zilegezwe na kukazwa upya kwenye urefu wake mpya, hata kama hazikubadilishwa.

Kwa gari za lame kama Hilux, kuna neno lingine. Bridi, zile buloni za umbo la U zinazofunga lame kwenye akseli, zinalegea baada ya safari za kwanza kwa sababu vyuma vipya vinakaliana. Zikiachwa, buloni ndogo ya katikati ya lame inaweza kukatika na akseli ikahama. Baada ya kilometa 500 hivi za kwanza, rudi kwa fundi akaze tena kila kitu. Apige pia alama ya rangi inayopita kwenye ekru na chuma kilicho jirani. Alama ikiachana, ekru imezunguka.

Tuseme pia juu ya mafuta ya vidange. Mashofere wengi wanayamwaga kwenye silambloki ili zinyamaze. Zinanyamaza siku chache. Kisha mafuta yanashika vumbi, na mpira unavimba na kulainika mpaka unaisha. Silambloki za poliuretani, zile ngumu ambazo mara nyingi ni nyekundu, za njano ao za buluu, zinaomba grisi yao ya pekee ao grisi ya silikoni, na inatiwa ndani wakati wa kufunga, si kupakwa kwa nje.

Kelele ya kuzoea na kelele ya kusimamisha gari

Si kila kelele ni ugonjwa. Aliyetia poliuretani ajue kwamba inasafirisha mtetemo zaidi kuliko mpira, na kwamba italia kidogo wakati wa vumbi. Amortiseri ya gazi inaweza kutoa mlio mwepesi kama pumzi. Lame mpya zinaweza kukwaruzana. Resori ngumu itaonyesha kila jiwe gari ikiwa tupu. Kama umekagua na hakuna kinachocheza, unaweza kuishi na sauti hizo. Anayetaka kimya achague silambloki za mpira na resori inayolingana na mzigo wake wa kweli, si mzigo wa siku moja kwa mwaka.

Lakini kuna dalili ambazo hazizoeleki. Chuma kinachogonga chuma pamoja na usukani unaocheza. Gari inayovuta upande mmoja ukishika freni. Mpira wa gari unaolika ndani ao nje peke yake. Amortiseri inayotoka mafuta. Lame iliyovunjika. Kelele iliyoongezeka ghafula tangu jana. Na hasa, rotuli yenye mchezo.

Kwenye Prado na Hilux Surf za mwisho wa miaka ya 1990, rotuli ya chini imefungwa kwa namna ambayo uzito wa gari unaivuta iachane. Ikiisha kabisa inachomoka, gurudumu linalala chini ya bodi, na usukani hauna kazi tena. Kwenye mtelemko wenye bonde upande mmoja, shofere hana la kufanya. Siku na majuma kabla ya hapo ilikuwa inagonga, na watu ndani ya gari walikuwa wameizoea.

Kwa anayeishi kwa kubeba abiria, kusimamisha gari siku moja ni siku bila mapato, na hapo ndipo wengi wanaongeza sauti ya radio. Basi aanze na kazi inayochukua muda mdogo: gari iinuliwe, magurudumu ya mbele yashikwe juu na chini, buloni zitazamwe. Hakuna kinachocheza, anaweza kufanya kazi na kutafuta kelele taratibu, piyesi moja kwa moja. Kitu kinacheza, abiria washuke na gari ibaki garajini mpaka piyesi hiyo ibadilishwe.